Dhiraa Moja na Vidole Vitatu

Ndugu msomaji, mwisho wa kiangazi ni wakati wa samaki katika nyumba nyingi za mkoa wa Simiyu. Pamba imekwisha kupimwa na kuuzwa, mboga za majani zimekauka mabondeni, maziwa yamepungua kwa kuwa ng'ombe hawana malisho, na mama mwenye nyumba anayetafuta kitoweo huelekeza macho yake kwenye meza za wauza samaki. Mji wa Bariadi, ambao ni makao makuu ya mkoa huo tangu ulipoundwa mwaka 2012, hauko kando ya ziwa. Samaki wake husafiri kilomita zipatazo 70 kutoka Lamadi katika wilaya ya Busega, ambako mkoa wa Simiyu unagusa maji ya Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Huja ndani ya masanduku ya barafu, huja katika matenga yaliyofungwa nyuma ya pikipiki, na wengine huja wakiwa wamekwisha kukaangwa, tayari kwa ugali.

Katika meza hizo hutakosa kuona mafungu mawili ya sangara. Fungu la kwanza ni la vipande vinene, vyeupe, vilivyokatwa kutoka kwa samaki mkubwa. Fungu la pili ni la samaki wazima, wadogo, kila mmoja na kichwa chake na mkia wake, na urefu wake hauzidi sana shibiri moja. Fungu hili la pili lina bei nafuu, na kwa hiyo huisha mapema. Wiki hii napenda tuzungumze juu ya fungu hilo linaloisha mapema. Mara nyingi tusikiapo habari za uvuvi haramu, mawazo yetu hukimbilia majini, kwenye mitumbwi, nyavu na mashua za doria. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba safari ya samaki aliyevuliwa kinyume cha sheria huishia katika sufuria, na kwamba sufuria hiyo yaweza kuwa yako au yangu.

Kwanza yafaa tumjue huyu tunayemzungumzia. Sangara ni samaki mla samaki. Jicho lake jeusi limezungukwa na pete ya manjano, kinywa chake ni kipana, na akiachwa akue aweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Mvuvi anayemfuata kwa njia halali hutumia hasa zana mbili. Ya kwanza ni wavu wa kutega wenye matundu yasiyopungua inchi 6, ambao samaki mchanga hupenya na kwenda zake. Ya pili ni kamba ndefu iliyofungwa ndoano nyingi kwa mpangilio, na kila ndoano hutiwa chambo, aghalabu samaki mdogo aliye hai. Mitumbwi hutoka mwaloni alasiri, zana hutegwa jua linapozama, na alfajiri wavuvi huvuta kile walichojaaliwa. Kazi hiyo hufanywa katika giza na baridi, juu ya maji yanayoweza kuchafuka kwa dhoruba ya ghafla, na wako wengi waliokwenda wasirudi. Kwa hiyo nisieleweke hata kidogo kuwa nimekusudia kumlaumu mvuvi. Mvuvi wa haki ni mfanyakazi kama wewe, na hasara ya ziwa humwangukia yeye kwanza.

Kiangazi kina siri yake, na mvuvi hodari huijua. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Upepo huo hupoza maji na kuyakoroga kutoka juu hadi chini, hata hewa wanayovuta samaki hufika vilindini, naye sangara hutawanyika na kushuka apendapo. Ifikapo Septemba na kuendelea, upepo hulegea, jua hupasha maji ya juu, nayo hukaa kama kifuniko juu ya maji baridi ya chini. Maji ya vilindini huanza kupungukiwa na hewa. Sangara hawezi kuishi pasipo hewa ya kutosha; hupanda, na wengi husogea kwenye maji yasiyo na kina kirefu. Mvuvi aliyetega mbali na chini sana mwezi Julai hulazimika kubadili kina cha ndoano zake, ama sivyo atavuta kamba tupu.

Ziwa Victoria lenyewe halina kina kirefu likilinganishwa na ukubwa wake. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu kidogo inayozidi nusu yake ni ya Tanzania, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi tu. Ghuba ya Speke ni sehemu yenye kina kifupi zaidi, inayopokea maji ya mito kama vile Simiyu, Mbalageti na Grumeti. Sasa zingatia jambo hili: maji mafupi ya kando ndiyo kitalu cha ziwa. Sangara mchanga hukaa karibu na ufuko, akila uduvi na wadudu wa majini kabla hajawa na nguvu ya kuwinda samaki wenzake. Sato naye huchimba viota vyake mchangani katika maji hayo hayo, na jike wa sato hubeba mayai na vifaranga vyake kinywani mpaka vitakapoweza kujitegemea. Ni sawa na kusema kwamba wodi ya wazazi na shule ya watoto vyote vimejengwa kando ya ufuko mmoja.

Na hapo ndipo kokoro linapopita. Msomaji wa Mwanza au wa Musoma hana haja ya kuelezwa kokoro ni nini. Lakini kwa ajili ya yule wa Dodoma au Dar es Salaam, nieleze kwa kifupi. Kokoro ni wavu mrefu wenye mfuko katikati. Mtumbwi huuzungusha kutoka ufukoni na kurudi ufukoni, kisha watu wengi, baadhi yao wakiwa watoto ambao wangestahili kuwa darasani, huuvuta nchi kavu kwa kamba za pande mbili. Wavu huo hauchagui. Hukomba sangara mchanga, hukomba sato na vifaranga vyake, huvuruga viota, hung'oa majani. Ndiyo sababu sheria ya nchi imeupiga marufuku, pamoja na nyavu za matundu madogo na zile za uzi mmoja wa plastiki ambazo hazionekani majini na hazioზi zikipotea.

Mwenye kokoro, ndugu msomaji, mara nyingi hayuko pale wavu unapovutwa. Wanaovuta ni vibarua. Mwenye zana, ambaye mialoni huitwa tajiri, yuko nyumbani kwake. Doria ikija, kibarua hukimbia au hukamatwa, wavu huchomwa moto, na baada ya muda mwingine hununuliwa. Kwa nini hununuliwa tena, wakati ni mali ya kupotea? Kwa sababu lipo soko. Tujiulize soko hilo ni lipi. Viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Mwanza na kwingineko kandokando ya ziwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 huhitaji samaki mwenye mwili wa kutosha kukatwa mnofu wa kupelekwa Ulaya. Wanunuzi wa mabondo, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara ambavyo huuzwa China kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe, nao hutaka bondo la samaki mkubwa. Sangara wa shibiri moja hana mnofu wa kiwanda wala bondo la kuringia. Basi anayebaki kumnunua ni nani? Ni mlaji wa mjini na vijijini, hapa nchini na katika nchi za jirani. Ni sisi.

Wako watakaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba sangara hastahili huruma. Yeye mwenyewe ni mgeni. Aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wakati wa utawala wa wakoloni na mara baada yake, akitokea katika maji ya maziwa Albert na Turkana. Kwa miaka mingi alionekana mara chache, kisha kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha. Alipoongezeka aliwala furu, samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na ambao watu wa kanda ya ziwa waliwaanika juani na kuwala tangu zama za mababu. Aina nyingi za furu zilitoweka. Wazee watakumbuka kwamba mwanzoni watu wengi walimkataa sangara mezani, wakisema ana mafuta mengi. Na kwa ajili ya mafuta hayo hakukaushika juani kama furu, ikabidi akaangwe au abanikwe kwa moshi, na kuni nyingi zikakatwa.

Hayo yote ni kweli. Lakini kokoro si kisasi cha furu. Wavu unaokomba watoto wa sangara hukomba na furu waliosalia, wale ambao tangu miaka ya 1990 wameanza kurudi taratibu katika baadhi ya sehemu za ziwa. Tena, kwa mema au kwa mabaya, sangara amekwisha kuwa mwenyeji. Ada za watoto wa shule, mabati ya nyumba, mishahara ya viwandani na ushuru wa halmashauri vimetoka katika mgongo wake. Mtu hachomi ghala kwa sababu hakupenda namna nafaka ilivyoingia.

Sasa tufanye hesabu ndogo, hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi aweza kuifuata. Samaki anapokua huongezeka urefu, unene na kimo kwa pamoja. Kwa hiyo urefu wake ukizidi mara mbili, uzito wake hauzidi mara mbili, bali mara nane hivi. Sangara wa sentimita 25 hafiki robo kilo. Sangara wa sentimita 50 ana uzito wa kilo moja na nusu hivi. Sangara wa mita moja huvuka kilo 10. Chukua basi fungu la samaki wanane wa sentimita 25 lililopo mezani sokoni. Uzito wa wote wanane ni sawa na uzito wa mmoja tu wa sentimita 50. Mtu aliyekula wanane wale amekula kitoweo cha samaki mmoja, lakini ameondoa wanane ziwani.

Mtu makini atasema: si wote wanane wangefika ukubwani, wengine wangeliwa na samaki wenzao, wengine wangekufa kwa sababu nyingine. Ni kweli. Lakini hata kama wangefika ukubwani watatu tu kati yao, bado watatu hao wangetoa kitoweo mara tatu ya kile kilichopatikana kwa kuwavua wote wakiwa wachanga. Na sangara ni samaki anayekua upesi. Hatuombwi kusubiri mpaka wajukuu wetu waoe. Juu ya hayo, sangara wa sentimita 25 hajawahi kuzaa hata mara moja. Jike hukomaa akiwa mkubwa zaidi ya dume, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai mamilioni. Anayemvua mchanga amekula mbegu kabla ya kupanda. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na ziwa ni gogo kubwa ambalo kila nyumba ina kisu chake kidogo.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2009 ziliweka vipimo: sangara asivuliwe wala kuuzwa akiwa chini ya sentimita 50, na sato asiwe chini ya sentimita 25. Kenya, Uganda na Tanzania zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, ili nchi tatu zinazokula sahani moja zikubaliane namna ya kula. Mialoni viko vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, ambavyo wavuvi wenyewe ni wanachama. Mwaka 2018 ilifanyika operesheni kubwa ziwani, nyavu nyingi zikachomwa, faini nyingi zikatozwa, na manung'uniko nayo yakawa mengi.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, lilitokea jambo ambalo wengi wenu mtakuwa mnalikumbuka. Maofisa wa uvuvi waliingia na rula katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kupikwa, na mwuzaji akatozwa faini. Wabunge walikasirika, na nchi nzima ikacheka. Mimi nadhani kicheko kile kilikuwa na haki yake, kwa maana samaki aliyekwisha kukaangwa hawezi kurudishwa majini, na rula iliyofika sahanini imechelewa mno. Lakini tulipomaliza kucheka tulisahau kuuliza swali lililobaki: ikiwa sahani si mahali pa kupimia samaki, ni wapi basi? Ziwani hakutoshi. Ukiuliza idadi ya mashua za doria kwa ukubwa wa maji yale, jibu lolote utakalopewa litakuwa dogo. Mahali palipobaki ni kwenye meza ya mwuzaji, wakati fedha bado iko mkononi mwa mnunuzi. Pale hakuna haja ya polisi wala faini. Yatosha mnunuzi aseme, “Huyu mdogo, sichukui.”

Nafahamu jibu litakalotoka katika nyumba nyingi, nalo ni zito kuliko yote. Mfanyakazi wa kima cha chini, mwenye watoto watano na shilingi zilizohesabiwa, atauliza: ninunue sangara wa kilo 3 kwa fedha ipi? Fungu la wadogo ndilo linalolingana na mfuko wangu. Unataka watoto wangu walale na ugali mkavu kwa ajili ya samaki ambao hawajazaliwa? Swali hilo si la kujibiwa kwa mahubiri. Anayelala na njaa hafundishwi uzalendo wa samaki. Lakini tazama vizuri, ndugu yangu, utaona kwamba njia si moja.

Sangara mkubwa huuzwa kwa vipande. Kipande cha robo kilo cha samaki aliyekomaa kina nyama nyingi na miiba michache kuliko samaki mchanga mzima wa uzito ule ule, ambaye sehemu kubwa ya alicho nacho ni kichwa, mifupa na mapezi. Ukihesabu kinachoingia tumboni badala ya kinachoonekana sahanini, unafuu wa fungu la wadogo hupungua sana. Majirani wawili au watatu wanaweza kununua samaki mmoja na kumgawa, kama tulivyozoea kununua nyama ya mbuzi wakati wa sikukuu. Kichwa cha sangara mkubwa hutoa mchuzi wa kutosha nyumba nzima, na yale mapanki yatokayo viwandani, yakiwa mabichi na safi, yana nyama kati ya mifupa yake. Tena wako dagaa. Dagaa huzaa upesi na hukua upesi, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto madini ya kujenga mifupa ambayo mnofu peke yake haumpi. Chunguza tu dagaa wako kabla ya kununua. Ukiwaona vifaranga vya sangara vimechanganyika humo kwa wingi, ujue wavu ulitupwa karibu mno na ufuko.

Huenda ukasema kwamba maneno haya ni matamu gazetini lakini watu hawawezi kujizuia. Wameweza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Miezi mitatu bila migebuka wala dagaa wapya wa ziwa lile haikuwa jambo jepesi kwa watu wa Kigoma na Rukwa, lakini walikubali kwa sababu walikwisha kuona mitumbwi ikirudi mitupu.

Mbali zaidi, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, liko ziwa liitwalo Red Lake, katika nchi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko. Samaki wao wa thamani ni woleyi, mla samaki kama sangara wetu ingawa ni mdogo zaidi, mwenye macho makubwa yanayong'aa gizani. Walimvua kibiashara kwa miongo mingi, na katikati ya miaka ya 1990 akawa amekaribia kwisha. Wavuvi wenyewe, ambao ndio waliokuwa wakila kwa kazi ile, walisimamisha uvuvi wa biashara mwaka 1997. Mwaka 1999 watu wale na serikali ya jimbo wakakubaliana kumwacha samaki huyo kabisa, na vifaranga vikapandikizwa ziwani. Hawakuvua woleyi mpaka mwaka 2006, ziwa lilipokuwa limejaa tena. Ni miaka isiyopungua saba ya kupita kando ya maji yako mwenyewe bila kutupa ndoano. Sisi hatuombwi hata hilo. Tunaombwa kuwapita wadogo na kununua wakubwa.

Turudi basi sokoni Bariadi, au Maswa, au Magomeni, kokote uliko. Najua hutakwenda na rula, na ukienda nayo watu watakucheka kama walivyocheka mwaka 2018. Lakini kipimo unacho. Babu zetu walipima nguo na ardhi kwa viungo vya mwili, na vipimo hivyo havijachakaa. Dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko cha mtu mzima hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita 45 hivi. Ongeza upana wa vidole vitatu, umefika sentimita 50, ambacho ndicho kipimo cha chini cha sangara. Mwenye mkono mfupi aongeze kidole cha nne. Shibiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikitanuliwa, ni sentimita 22 hivi. Ongeza vidole viwili, umepata kipimo cha sato. Samaki hupimwa kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia.

Wafundishe watoto kipimo hicho, kwa maana wao ndio wanaotumwa sokoni siku nyingi kuliko sisi. Mtoto anayejua kwamba sangara ni dhiraa moja na vidole vitatu hatamsahau mpaka uzee wake. Na wewe, pamoja na kupima, zoea kumwuliza mwuzaji: samaki hawa wametoka mwalo gani? Wamevuliwa kwa wavu au kwa ndoano? Usimwulize kwa ukali kama askari, mwulize kama mteja wake wa kila wiki. Mwuza samaki ni mfanyabiashara. Akiulizwa swali hilo na mteja mmoja atacheka. Akiulizwa na kumi kwa siku moja, jioni atampigia simu aliyemletea mzigo Lamadi, naye wa Lamadi atamwambia aliyeko mwaloni. Hivyo ndivyo neno la mama mmoja mwenye kikapu linavyoweza kufika majini, mahali ambapo mashua ya doria haikufika.

Kipimo kikikutana na kikapu mara nyingi vya kutosha, tajiri wa kokoro atakaa chini afanye hesabu yake, na hesabu hiyo itamwambia kwamba wavu ule haulipi tena. Hapo utakuwa umemsaidia yule mvuvi wa ndoano anayelala kwenye baridi ya ghuba, na utakuwa umewasaidia watoto wako ambao nao, mwisho wa kiangazi fulani, watataka kula sangara.

Tukutane Jumapili ijayo.